Namba Inayotetemeka

Mtaani anaitwa Mizani, na jina hilo hakupewa kwa kupendwa. Alipewa na madereva wa malori. Kwa miaka thelathini na moja alikaa ndani ya kibanda cha vioo kando ya barabara kuu, akipima malori yanayopita, na katika miaka yote hiyo hakumwamini mtu hata mmoja. Dereva akisema amebeba tani ishirini, yeye huandika "anadai ishirini." Dereva akitabasamu, hupimwa mara mbili. Akisalimia kwa heshima iliyozidi, Mizani huteremka kibandani na tochi mchana kweupe, akainama kutazama matairi, maana salamu nzuri kiasi hicho lazima ina kitu nyuma yake.

Na mara nyingi kilikuwepo. Walikuwepo waliosimamisha gari kwa ujanja, tairi moja likabaki nje ya sahani ya mzani kwa upana wa kiganja. Walikuwepo waliosimika jeki kwenye lami. Hapo uzito hushuka, lakini namba haitulii. Inapanda kidogo, inashuka kidogo, inatetemeka. Wasaidizi wake aliwafundisha jambo moja, akalirudia mpaka wakalichoka: "Namba ikitetemeka usiiandike. Tazama chini. Kuna kitu kinagusa ardhi."

Alistaafu akarudi nyumbani na cheti, saa ya ukutani na shaka yake yote. Saa ilikufa mwaka wa pili. Shaka bado inafanya kazi. Nyama ikitoka buchani huipima upya jikoni, na vidonge vya presha huvihesabu kimoja kimoja kopo likifika. Mkewe ni fundi cherehani, ana subira ya mtu anayefumua mshono na kuushona tena, na kubishana naye aliacha zamani. "Baba watoto," humwambia, "wewe hata jua likichomoza utalidai risiti."

Magoti ndiyo yaliyomsaliti, na hayo hakuwa ameyashuku. Mwili ulikuwa umeongezeka mwaka hadi mwaka, mwili mkubwa wa mtu aliyekaa kibandani nusu ya maisha yake, mpaka ikafika siku magoti yakagoma kuubeba. Anaweza kusimama kwa fimbo kiasi cha kuhama kutoka kitandani hadi kitini, au kujikokota mpaka sebuleni, basi. Ndipo wakanunua kiti cha magurudumu, na kwa miezi minane kiti kile kilimpeleka mahali pamoja tu alipopataka, kwa dada yake.

Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Anakaa mtaa wa tatu kutoka hapo, na macho yake yameingia ukungu, hawezi tena kusoma. Kila siku saa nne asubuhi mke wa Mizani alimsukuma mumewe hadi kwake, naye akamsomea dada gazeti tangu ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Wakabishana, wakanywa chai, wakagombana kuhusu mambo ya miaka hamsini iliyopita. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake nzima. Saa zilizobaki alikuwa akingoja kesho.

Miezi minne iliyopita, kwenye kifuniko cha mtaro mbele ya duka la kinyozi, vyuma vinavyopishana chini ya kiti vilikatika. Kiti kikajikunja naye akiwa ndani. Walikuja wanaume sita kumwinua, na mmoja wao, huku akihema, akasema, "Hapa ingeitwa winchi." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka. Mizani alimtazama yule mtu akaikariri sura yake, kisha akarudishwa nyumbani kwa mkokoteni wa mizigo, na tangu hapo hakuvuka kizingiti.

Lawama zote alilibebesha duka. Kwenye kibati cha kile kiti paliandikwa kwamba mwisho kinabeba kilo mia na ishirini, naye akamtangazia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba kibati kilikuwa cha uongo, kwamba amepigwa changa la macho. Alipiga simu dukani akawatolea uvivu mpaka salio likakatika. Dada naye akawa anapiga simu kila asubuhi. Swali lake halibadiliki.

"Unakuja lini, mdogo wangu?"

"Wiki ijayo, dada."

"Wiki hiyo inatembea kwa magoti kama yako?"

Hapo Mizani hukata simu, akakaa anautazama mlango.

Basi mchana mmoja alikuwa amejilaza, usingizi wa juu juu, akahisi kitu chembamba kinatambaa nyongani. Alifungua jicho moja, kidogo tu, kama alivyozoea kufanya kibandani madereva walipodhani amesinzia. Alikuwa mkewe. Ameshika futi yake ya kamba, ile ya kupimia wateja, anampima. Alimpima nyonga upande hadi upande. Akampima kutoka nyonga mpaka goti, kutoka goti mpaka kisigino, taratibu, pumzi ameibana. Kisha akaandika kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kopo la vifungo.

Moyo wa Mizani ulilipuka paa. Mtu aliye macho hupimwa nguo. Mtu aliyelala hupimwa kwa shughuli moja tu, na yeye bado anapumua!

Siku mbili akakaa chonjo. Supu aliinusa kabla ya kuinywa. Mkewe alipotoka uani na simu, Mizani alijivuta mpaka ukingo wa kitanda, akatega sikio dirishani.

"Kiwe kipana," mkewe alikuwa akisema. "Ndiyo, na kiwe imara, sitaki kivunjike njiani watu wanatazama... Hapana, hajui bado... Mlango wa chumbani ni mwembamba, itabidi tuite fundi aupanue. Lazima apite."

Mizani alilala chali akatazama dari. Jasho lilimtoka mpaka shuka ikalowa. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mwanamke ameshaagiza jeneza, tena kwa siri, tena ameshafikiria na mlango! Kilichomuuma zaidi ni lile neno "kipana."

Asubuhi ya siku ya tatu hakuvumilia. Mkewe alikuwa mezani kwenye cherehani, anashona kola. Mizani akavuta kopo la vifungo, akaitoa karatasi, akaiweka juu ya kitambaa.

"Mama watoto. Nani anazikwa?"

Mkewe akaitazama karatasi, akamtazama yeye. Kisha akacheka, akacheka mpaka akaegemea cherehani na miwani ikamdondoka. Mizani hakucheka. Naye alipoona mumewe hacheki, midomo imemkauka, kicheko kilimwisha, akafuta macho kwa ile kola.

"Ni kiti," alisema. "Nakuchagulia kiti. Dukani wanataka upana wa kukalia, wanataka urefu wa paja na wa mguu. Nikikuambia nikupime ungekubali?"

"Duka gani?"

"Lile lile."

"Lile lile lililoniangusha?"

"Mwenye duka anakuja kesho," mkewe akasema, akakanyaga cherehani, na ilipoanza kulia hapakuwa tena na nafasi ya mtu kuongea.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na faili kubwa kwapani. Alileta viti viwili akavipanga sebuleni. Cha kwanza kilikuwa cha buluu, chepesi, kama viti vya watu wote. Cha pili kilikuwa na vyuma vinene vilivyopishana mara mbili chini ya makalio, magurudumu ya mbele mapana, na kitako ambacho mkewe alikitazama akaridhika hata kabla ya kutoa futi.

Mizani alivikagua kama alivyokagua malori. Aligonga kila penye kuchomelewa kwa ufunguo wa kabati akasikiliza mlio. Alikwaruza rangi kwa ukucha. Alizungusha gurudumu akaweka sikio karibu na beringi. Akafika kwenye vibati. Cha buluu kilisema kilo mia na hamsini, kile kipana kilisema mia mbili na ishirini.

"Kibati hiki kimefungwa kwa skrubu mbili," alisema. "Kinaweza kutolewa kiti kingine kikafungwa hapa."

"Mzee wangu, mimi nimekikuta kimefungwa."

"Wote hukikuta kimefungwa."

Mwenye duka alitabasamu, na hilo likamwongezea shaka. Mizani alikuwa ameshajua mchezo wenyewe. Kile kikubwa bila shaka ndicho kilichokaa dukani bila mnunuzi, sasa wanataka kumbebesha yeye. Lakini ukweli aliouficha ni huu: kile kikubwa kilimtia aibu. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha buluu, watu wangemwona mtu. Aliyekaa kwenye lile dude, wangeona kwanza kiti, kisha wangeuliza kwa nini.

"Nachukua cha buluu."

"Utanisamehe, mzee. Kwanza nijue uzito."

Mizani alikuwa ameshajiandaa. Waongo wachanga husema namba nzima, mia au mia na hamsini. Hilo alilijua tangu mwezi wa kwanza kazini. "Mia na arobaini na mbili," alisema, na hakupepesa macho.

"Umepimwa wapi?"

"Hospitali."

Mkewe hakuinua kichwa kwenye kola. "Mzani wa hospitali ile unaishia mia na ishirini," alisema polepole.

Mwenye duka akafungua faili, akatazama karatasi moja ya juu, kisha akaigeuza uso chini haraka. Mizani aliliona hilo. Karatasi isiyofichwa haigeuzwi.

"Siku hizi sikabidhi kiti bila uzito wa mzani," mwenye duka alisema. "Nimejifunza."

"Kwani nani anaogopa mzani?" Mizani alifoka. "Mimi? Mimi ndiye wa kuambiwa habari za mzani? Ghala la nafaka liko hapo nyuma, lina mzani wa sahani wa kupimia magunia. Twende sasa hivi!"

Maneno yakiwa yameshatoka, alimeza mate. Lakini alikuwa amesema mbele ya mashahidi wawili, na mmoja wao alikuwa tayari anavaa kandambili.

Walimpeleka kwa kile kiti kikubwa, mkewe akisukuma, mwenye duka akitembea kando na faili lake. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka katika miezi minne. Mizani alishika fimbo yake mapajani, akatazama mbele tu. Mbele ya kinyozi watu walisalimia, akajibu kwa kidevu. Walikipita kifuniko cha mtaro, naye akafumba macho. Kiti hakikulia hata kidogo. Hilo nalo alilishuku.

Mtunza ghala alikuwa mtu wa mvi, na zamani alikuwa msaidizi wake kibandani kwa miaka sita. Alipomwona akasimama wima kama bado yuko chini yake.

"Mkuu! Karibu, mkuu."

"Kuna kazi ya kupima," Mizani alisema, bila kusema ni kazi gani, na yule mtu hakuuliza.

Wakapima kiti kitupu kwanza, kama lori tupu linavyopimwa kabla ya shehena. Kilo thelathini na mbili. Kisha Mizani akakaa, akasukumwa juu ya sahani ya chuma iliyolingana na sakafu, magurudumu yote manne ndani. Juu ya nguzo namba nyekundu zikaanza kukimbia.

Hakukusudia. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na mimi nitamwamini nusu. Fimbo ilikuwa mkononi, upande wa ukutani ambako hakuna aliyesimama. Ncha yake ikateremka yenyewe mpaka kwenye saruji, nje ya sahani, na mkono wake ukaiegemea. Akaegemea kwa nguvu kuliko alivyowahi kuegemea kitu chochote, mpaka mshipa wa shingo ukamsimama, huku uso ameutuliza kabisa. Namba zikashuka. Mia moja sabini na nne. Sabini na sita. Sabini na tano.

Mtunza ghala aliitazama namba. Akautazama uso wa mkuu wake wa zamani. Akachukua kalamu.

"Mia moja sabini na tano," alisema kwa upole. "Toa thelathini na mbili ya kiti. Inabaki mia na arobaini na tatu, mkuu."

Akaandika.

Kiti cha buluu kilikuwa chake. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Lakini aliona ile kalamu ikitembea kwenye karatasi, akaona namba nyekundu juu bado zinachezacheza, nne, sita, tano, nne, na hasira ya miaka thelathini na moja ikampanda kabla hajaijua ni hasira ya nini.

"Umeandika nini wewe?"

"Mia na arobaini na..."

"Namba inatetemeka! Huioni? Inatetemeka na wewe unaandika! Miaka sita nakaa na wewe, nilikufundisha nini?"

Mtunza ghala aliweka kalamu chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyeombwa kitu asichotaka kukitoa.

"Ulinifundisha nitazame chini, mkuu," alisema. "Nimetazama."

Mkewe akazunguka nyuma ya kiti kwenda upande wa ukutani, akasimama pale, akaiona fimbo. Mizani alihisi uso unamwaka moto. Aibu aliyoipata mtaroni, mbele ya wanaume sita, ilikuwa mchezo ukiilinganisha na hii. Kule aliangushwa na kiti, na hapa amejikamata mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, kama dereva wa lori la mchanga.

Akainua fimbo, akailaza mapajani.

Namba zikapanda, zikapita mia na tisini, zikafika mia mbili na tatu. Zikatulia. Hata moja haikucheza.

"Mia moja sabini na moja," Mizani alisema. Hesabu za kutoa hakuhitaji kusaidiwa. "Andika."

Mtunza ghala akaandika.

Mizani akamgeukia mwenye duka. "Ile karatasi uliyoigeuza. Ni yangu?"

"Ni yako, mzee."

"Lete."

Ilikuwa fomu ya kile kiti kilichovunjika. Penye uzito wa mtumiaji paliandikwa mia na kumi na tano, na chini yake saini yake, ile ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akiitia kwenye karatasi za mzani. Miezi minne mwanamke huyu alikuwa na karatasi hii, akatukanwa kwenye simu, akasikia duka lake linachafuliwa mtaa mzima, na hakuitoa. Angeweza kuibandika ukutani.

"Mbona hukunionyesha?"

"Ulikuwa umeanguka, mzee," mwenye duka alisema. "Mtu aliyeanguka nimwonyeshe karatasi?"

"Nisamehe," Mizani alisema. Neno hilo lilitoka kwa taabu, kavu, lakini lilitoka. "Na mtaani nitasema mwenyewe."

Kisha akamtafuta mkewe kwa macho. Alikuwa bado amesimama ukutani, futi yake ikining'inia shingoni, maana alikuwa ametoka nyumbani akasahau kuivua. Na alikuwa analia.

"Mama watoto, basi. Nimekwisha kusema nisamehe."

"Si wewe," mkewe alisema. "Siku ile dukani nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilisikia unasema mia na kumi na tano. Mimi nakushonea nguo kila mwaka, mimi ndiye nisiyejua? Nilijua kiti kile hakikufai. Nikasema, palikuwa na wateja wengine, nikimsahihisha nitamwaibisha." Alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nikanyamaza, ukaenda kuaibika njiani. Miezi minne naliona hilo kila nikifumba macho. Ndiyo maana nikakupima umelala."

Mizani aliwahi kumshuku mkewe kwa mengi. Supu, simu, jeneza. Hili hakulishuku, kwamba mtu anaweza kumdanganya kwa kunyamaza kwa sababu anampenda, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuogopa. Alinyoosha mkono akamshika kiganja. Wakakaa hivyo juu ya sahani ya mzani, na mtunza ghala, kwa adabu, akaizima ile taa nyekundu.

Kisha Mizani akatazama saa ya ghalani.

"Saa nne kasoro robo," alisema. "Kiti hiki nakichukua. Tupitie kwa mwuza magazeti."

Dada alikuwa ameketi barazani kwake, uso ameelekeza njiani ingawa njia haioni. Alisikia magurudumu kabla hawajafika.

"Huo mlio si wa kile kiti chako."

"Ni kipya, dada."

Alinyoosha mikono, akapapasa mahali pa kuwekea mikono, akapapasa vyuma, akashuka mpaka kwenye magurudumu. Alichukua muda.

"Kipana," dada alisema. "Kinabeba kilo ngapi?"

"Mia mbili na ishirini." Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, "Na mimi nina mia moja sabini na moja."

Dada akarudi kuegemea kiti chake, akapanga kanga magotini.

"Sasa hiyo ni habari?" alisema. "Nilikubeba mgongoni miaka miwili. Soma gazeti."